Pasi ya mtego: ikigoma, usianze na namba sita

Kipa anampa namba nne, beki wa kati, naye anampa namba sita, kiungo wa chini, namba sita ananyang'anywa, goli. Benchi zima linasimama kumfokea namba sita. Mara nyingi kosa si lake. Lilifanyika sekunde mbili nyuma, pale namba nne alipoutoa mpira wakati mpinzani bado yuko mbali, au pale mtu wa tatu, yule wa kuupokea kutoka kwa namba sita, aliposimama kutazama badala ya kuondoka.

Mwongozo huu ni wa makocha wa timu za mitaa na shule hapa Tanga, kuanzia Ngamiani na Makorora hadi Pongwe, wanaotaka kuanzisha mpira chini kutoka kwa kipa bila kujinyonga. Mchezo wenyewe ni mtego. Unamwita mpinzani aje kukabia juu, akishakuja unaupitisha mpira nyuma ya mgongo wake. Mvuvi wa dema hahitaji kufafanuliwa hili: samaki lazima aingie kwanza. Ukiliinua dema mapema, unapandisha maji.

Marekani, kwenye ule mpira wao wa kushika mkononi, kuna mchezo wa ukoo huuhuu. Wale majitu wanaomlinda mrushaji wanajifanya wamezidiwa, wanawaacha wakabaji wapite, kisha mrushaji anaudondosha mpira juu ya vichwa vya waliomjia, kwa mwenzake aliye pembeni, huku waliojifanya wamezidiwa wakimtangulia kumsafishia njia. Nao unawagomea kwa sababu hizihizi: walinzi wakiachia mapema, wapinzani wananusa, mrushaji akiogopa, anatoa kabla hajafikiwa. Uwanja ni mwingine, umbo la mpira ni lingine, ugonjwa ni mmoja.

Hesabu ya watu kabla ya miguu

Kocha anayeanza na mazoezi ya pasi kabla ya hesabu hii anapoteza muda. Wewe una kipa na wachezaji 10 wa ndani. Weka watatu juu: namba tisa, saba na kumi na moja, wakae sambamba na mabeki wao wa mwisho. Timu yoyote yenye akili haiwaachi watatu hao na mabeki watatu tu, itabakisha wanne. Wamebaki sita wa kuja kukaba. Kwako wamebaki saba, na kipa wa nane. Nane kwa sita. Watu wawili wako wako huru kila wakati, kazi ni kuwapata tu.

Hesabu hii inavunjika mara moja washambuliaji wako wanapoanza kurudi nyuma kuomba mpira. Namba tisa akishuka hadi katikati ya uwanja, anashuka na beki wake, na nafasi uliyoitegemea inajaa watu. Kijana aliyekulia kwenye chandimu anataka kuugusa mpira kila dakika, kwa hiyo hili litakusumbua. Mwambie wazi kwamba kusimama kule juu ndiyo kazi yake.

Kinachowazuia mabeki wao wasipande ni sheria ambayo wengi huisahau: anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye goli kiki hawezi kuwa ameotea. Namba tisa wako anaweza kusimama hata nyuma ya mabeki wao. Kipa akipiga mbili tatu ndefu za kweli mwanzoni mwa mechi, wataliona hilo na watabaki nyuma. Timu isiyopiga mrefu hata mara moja inawaruhusu kupandisha watu wote, na hapo mtego umekufa kabla ya kutegwa.

Sheria nyingine ni ya tangu 2019: mpira wa goli kiki uko mchezoni mara tu ukipigwa na kusogea waziwazi, si lazima utoke kwenye boksi. Mabeki wako wanaruhusiwa kuupokea ndani ya boksi, na wapinzani wanatakiwa wawe nje mpaka upigwe. Kwenye ndondo, muulize mwamuzi kabla ya mechi kama mnaelewana juu ya hilo. Kubishana naye baada ya filimbi hakusaidii.

Wasimame wapi

Mabeki wa kati wawili wasimame karibu na pembe za boksi, namba nne kulia, namba tano kushoto. Boksi lina upana wa mita 40 na kidogo, kwa hiyo mshambuliaji mmoja hawezi kuwakaba wote wawili. Kwenye uwanja mwembamba wa mtaani watafute upana wote uliopo, hata wakiukaribia mstari. Mabeki wa pembeni, namba mbili na tatu, wakanyage chaki ya pembeni, mita 25 hadi 30 kutoka mstari wa goli. Namba sita awe nje kidogo ya boksi, eneo la kati lakini amesogea upande uliko mpira, umbali wa mita 12 hadi 15 kutoka kwa namba nne. Akiwa chini ya mita 8, mpinzani mmoja anawakaba wawili kwa mwili mmoja. Namba nane na kumi wakae juu yake, kila mmoja upande wake, wasipange mstari mmoja naye.

Kipa, akishatoa, asirudi kati ya miimo. Asogee upande ule uliko mpira, nje ya mwimo, ajionyeshe kwa pasi ya kurudi. Sababu ni rahisi: pasi mbovu ya kurudi ikimpita akiwa nje ya mwimo, ni kona. Ikimpita akiwa katikati, ni goli. Na akumbuke kwamba mpira uliorudishwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi hashiki kwa mikono. Sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko wachezaji wake wengi, ni ya 1992.

Mpira unavyokwenda

Kipa anampa namba nne. Namba nne anautuliza na kuugeukia uwanja, mpira uko mbele ya mguu wake kama hatua moja. Hapa ndipo kila kitu kinaamuliwa: asubiri.

Asubiri mpaka lini? Mshambuliaji anayekuja kwa kasi anakwenda kama mita 6 kwa sekunde. Pasi kali ya chini inakwenda kama mita 12 kwa sekunde, kwa hiyo kumfikia namba sita inachukua sekunde moja hivi. Namba nne akitoa mpira wakati mkabaji yuko mita 10, mkabaji huyo bado hajajifunga. Anabadilisha njia tu, na mpira unapofika kwa namba sita naye anakaribia kufika. Wawili kwa mmoja, mpira umekwenda. Lakini akitoa mkabaji akiwa mita 3, yaani hatua mbili ndefu, kasi yake inampitiliza. Mpaka asimame, ageuke na kuanza kukimbia upya, pasi mbili zimeshapigwa nyuma yake.

Sasa swali la nani yuko huru. Kanuni ni moja na vijana wanaishika haraka: aliyeachwa ndiye anayetafutwa. Akija namba tisa wao, amemwacha namba tano. Akija winga wao kutoka pembeni, amemwacha namba mbili. Namba nne hana haja ya kutazama uwanja mzima. Atazame nani anakuja.

Tatizo ni kwamba mkabaji mjanja haji wima. Anakuja kwa kujipinda, na mwili wake unaziba njia ya kwenda kwa yule aliyemwacha. Namba nne anamwona mwenzake yuko huru lakini hana mstari wa kumfikia. Ndiyo maana namba sita yupo. Yeye ni ukuta. Namba nne anampiga namba sita kwenye mguu ulio mbali na mkabaji wake, namba sita hageuki wala hatulizi, anaurudisha kwa mguso mmoja kwa pembe kwenda kwa aliyeachwa, ambaye anaupokea akiwa tayari anatazama mbele.

Mtu wa tatu huyo aondoke wakati mpira unatoka mguuni kwa namba nne. Akisubiri mpaka umfikie namba sita, amechelewa kwa sekunde nzima. Timu nyingi zinaifanya kinyume kabisa: mwenye mpira ana haraka, asiye na mpira amesimama. Ukirekebisha hilo peke yake, hata kama pasi bado si safi sana, utaona tofauti ndani ya wiki mbili.

Akishaupokea, asirudishe nyuma. Akimbie na mpira kwenye nafasi iliyo mbele yake mpaka mtu amtokee, mita 10, hata 15. Mtego umewaacha wakabaji wawili au watatu nyuma ya mpira, na kila pasi ya kurudi inawapa nafasi ya kuungana tena na wenzao.

Inagoma wapi

Hofu ndiyo ya kwanza, na hofu hiyo mara nyingi inatoka nje ya mstari. Uwanja wa mtaani watazamaji wamesimama mita moja kutoka kwa beki wa pembeni. Mkabaji akianza kuja tu, watu hamsini wanapiga kelele: "Toa! Toa! Butua!" Kijana wa miaka 17 hawezi kushindana na sauti hizo bila kuandaliwa. Kocha mwenyewe akijiunga nao, basi afute zoezi zima na kurudi kwenye mpira mrefu. Mlichokubaliana ndicho kipigiwe kelele. Maneno matatu yanatosha: "muda" kama hana mtu karibu, "mtu" kama anajiwa, na "ukuta" kumwita namba sita aurudishe kwa mguso mmoja. Anayesema ni mwenzake wa uwanjani anayeona vizuri, kwa kawaida kipa.

Namba sita kujificha kwenye kivuli ni kosa la pili. Kipimo chake: namba nne anapaswa kuona miguu yote miwili ya namba sita. Akiona kichwa tu juu ya bega la mkabaji, hiyo pasi haipo. Namba sita asimame kwanza pale ambapo hautaki mpira, aondoke na mkabaji wake hatua mbili tatu upande wa uongo, kisha arudi kwa ghafla kwenye njia ya pasi. Akisimama sehemu moja tangu mwanzo, mkabaji wake anapanga mapema na anamtangulia.

Pasi laini. Wachezaji wanapiga pole kwa kuhurumia mguu wa mwenzao, na huruma hiyo ndiyo inayomnyima mwenzao muda. Kwenye uwanja wa mchanga ongeza nguvu zaidi, maana mchanga unaukamata mpira njiani. Kwenye kichanga kigumu chenye vijiwe tatizo linageuka: mpira unadunda. Hapo angalia upepo wa ndani ya mpira wenyewe. Sheria inaruhusu kuanzia atmosfia 0.6 mpaka 1.1. Tabia ya kuujaza mpaka uwe mgumu kama dafu ni ya kuacha. Ukae karibu na 0.7, utatulia chini. Kama pampu haina geji, ukandamize kwa vidole gumba viwili: ngozi ibonyee kidogo, isikatae kabisa.

Mguu wa kupokelea. Beki wa pembeni anayepokea akiwa amelitazama goli lake mwenyewe ana njia moja tu, kurudisha. Akae mgongo ukielekea mstari wa pembeni, aone mpira na uwanja kwa pamoja, apokee kwa mguu wa mbali. Namba mbili apokee kwa wa kulia, namba tatu kwa wa kushoto. Ni kitu kidogo, ila kinapunguza mguso mmoja, na mguso mmoja ndio tofauti ya kupita na kunyang'anywa.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni pasi ya kukatiza mbele ya goli, kutoka namba nne moja kwa moja kwenda namba tano, mkabaji akiwa katikati yao. Ikikatwa, mshambuliaji yuko peke yake na kipa. Ipigwe marufuku ndani ya boksi. Upande ukibadilishwa, ubadilishwe kupitia kwa kipa aliyerudi nyuma ya mpira au kupitia ukuta.

Na kuna timu zinazofanya vizuri mno mpaka zinajiharibia. Zikifanikiwa mara mbili zinairudia kila goli kiki. Mkabaji si mjinga. Kipindi cha kwanza mara tatu au nne zinatosha. Katikati yake kipa apige mrefu, au namba nne amdanganye mkabaji kama anampa namba sita kisha aondoke nao mwenyewe.

Ukienda uwanja wa Mkwakwani, iwe wanacheza Wagosi wa Kaya (Coastal Union) au Wana Kimanumanu (African Sports), acha kuufuata mpira kwa dakika kumi. Mtazame beki wa kati tu: anaushika kwa muda gani kabla ya kutoa, na mkabaji yuko hatua ngapi anapotoa. Wachukue vijana wako wawili watatu wanaocheza nafasi hiyo, wahesabu hatua kwa sauti. Inafundisha kuliko ubao.

Kufundisha uwanjani

Vifaa si lazima viwe vya dukani. Chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha kuwa koni, na boksi linapimwa kwa hatua: mita 16.5 ni karibu hatua 20 za mtu mzima wa kawaida. Chora kwa chokaa au majivu. Fanya mazoezi saa zilezile za mechi, jioni, ili upepo wa baharini na jua la machoni viwe vilevile.

Anza na mtu kati, dakika 15. Wanne nje, wawili ndani, eneo la mita 8 kwa 8. Ongeza sharti moja: pasi hairuhusiwi mpaka mkabaji awe ndani ya hatua mbili. Anayetoa mapema anaingia ndani, hata kama pasi imefika. Siku ya kwanza watalalamika sana, kwa sababu wale wenye miguu mizuri ndio watakaoingia ndani mara nyingi. Wamezoea kusifiwa kwa kutoa haraka.

Kisha rudini kwenye boksi, dakika 15 bila wapinzani: kipa, namba nne, namba sita, namba tano. Kisha upande wa pili. Mguso wa namba sita uwe mmoja. Kocha asimame pale alipo namba tano na aangalie kitu kimoja tu, miguu yake inaanza kusogea lini. Kama inaanza mpira ukiwa kwa namba sita, simamisha, rudia. Usihutubie.

Zoezi la mwisho ni la dakika 20 na ndilo lenye uhai: kipa na saba dhidi ya sita, nusu uwanja, kila mpira ukianza na goli kiki. Weka mageti mawili ya chupa kwenye mstari wa kati, kila moja upana wa mita 5, moja kulia, jingine kushoto. Wanaoanzisha wanapata pointi moja wakipita na mpira getini, mbili kama mpira ulipitia kwenye ukuta. Wakabaji wakinyang'anya wana sekunde 8 za kufunga, pointi mbili. Bila adhabu hiyo wakabaji wanakaba kivivu, na vijana wako wanajifunza uongo. Baada ya dakika 10 badilisha wakabaji, maana mkabaji aliyechoka hatoi fundisho.

Zoezi hili lifanyike mara mbili kwa wiki, wiki tatu, kabla ya kulipeleka kwenye mechi ya mashindano. Mechi ya kirafiki moja katikati. Mkifungwa goli moja kwa sababu ya mtego kwenye mechi hiyo, liacheni lipite.

Siku ya kuuacha

Upepo unabadilisha hesabu kuliko watu wanavyofikiri, na si kwa sababu ya pasi za chini. Ukicheza na upepo wa kusi usoni, mpira mrefu wa kipa unafia katikati. Wapinzani wanalijua hilo, wanapandisha mabeki, na wale wanne waliokuwa wamebanwa na washambuliaji wako wanakuwa watatu au wawili. Nane kwa sita imekuwa nane kwa saba, au nane kwa nane. Kipindi hicho mtego unauhitaji zaidi, lakini wenyewe unafanya kazi kwa shida zaidi. Suluhisho la kati ni namba sita kuurudisha kwa winga badala ya beki, au namba tisa kuhamia upande ule ambao upepo haumrudishii mpira kichwani. Mkishinda shilingi, chagueni kuwa na upepo mgongoni kipindi kile vijana wenu wanapochoka, yaani cha pili.

Masika ni jambo jingine. Uwanja wenye madimbwi mbele ya boksi hauna mtego. Mpira utasimama kwenye maji na mkabaji atafika kwanza. Kagua kabla ya mechi kwa kudondosha mpira sehemu tano, pembe mbili za boksi, katikati, na alipo kila beki wa pembeni. Ukitulia bila kudunda sehemu mbili kati ya hizo, kipa apige mrefu siku nzima, na namba sita, nane na kumi wasogee juu kuugombea mpira wa pili.

Na kama wapinzani hawaji kabisa, wamejipanga nyuma ya mstari wa kati, hakuna wa kumtega. Namba nne asisimame pale na mpira akisubiri samaki ambaye hajapanga kuja. Atembee nao mbele mpaka mtu alazimike kumtokea; akishatoka huyo, amemwacha mwenzako, na mchezo unaanza hapo, mita 40 mbele ya pale ulipozoea.